Jani Lililochumwa Ukingoni

Kaltumu alikaa benchi la mbele kabisa, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kukaa nyuma. Alijifunga leso mpya na kunyoosha mgongo kama mke wa askari anavyopaswa, ingawa askari mwenyewe, marehemu Yakani, alikuwa na miaka kumi na mmoja chini ya udongo. Kibanda cha mikutano kilijaa mpaka watu wakasimama nje. Kila mwenye shamba la muhogo bondeni, upande huu wa Koboko unaotazama Congo, alikuja kusikia jani lake limesema nini.

Aliyeshika karatasi ni Patience Mindra, binti wa Adumi, msomi wa mimea katika kituo cha utafiti cha upande wa Arua. Miezi mitatu nyuma alipita shamba kwa shamba akichuma jani changa moja moja. Kila jani alilitoboa, akatoa kipande kidogo kama kifungo cha shati, akakitia ndani ya kishimo chake kwenye sahani ya plastiki, na sahani ikaenda maabara.

"Tuliandika majina arobaini na moja, kutoka hapa mpaka Inde," alisema Patience. "Lakini mihogo yenyewe ni aina kumi na saba tu."

"Sasa hizo ishirini na nne iko wapi?" aliuliza mzee Pitia kutoka pembeni. "Nani alikula?"

Watu wakacheka. Patience naye alicheka kidogo. "Hakuna aliyekula, baba. Mmea ni mmoja, majina ni matatu au manne. Ule mnaouita Yasiri hapa, kwetu Adumi una jina lingine, na Inde una lingine. Alama zake za vinasaba ni zile zile."

Kaltumu hakucheka. Mikono ilikuwa mapajani, na kidole kimoja kilisokota pindo la leso bila yeye kujua. Ugonjwa wa michirizi ulikuwa umeingia bondeni, ule unaoozesha mizizi ndani kwa ndani huku majani yanakudanganya kwa uzuri. Kijiji kilikubaliana kwamba Jumatatu inayokuja mihogo yote ya zamani ing'olewe, kila shamba, ili ipandwe miti safi, yaani mashina ya kupanda, kutoka kituoni. Ambao ungesalimika ni muhogo wa namna moja tu: ule ambao alama zake hazimo katika bustani ya kituo. Huo ungeachwa, ungesafishwa maabara, ungetunzwa. Kaltumu alikuwa amewaambia watu wote, tangu siku ya kwanza, kwamba wake ndio huo.

"Namba ishirini na saba," alisoma Patience. "Shamba la Mama Shakira. Muhogo unaitwa Poni." Akamtazama Kaltumu, ndiye Mama Shakira. "Na namba ishirini na nane, shamba la Mama Moris, muhogo unaitwa Keji. Hizi mbili ni kitu kimoja. Na tayari tunayo kituoni."

Watu wote wakageuza shingo. Kisha Agnes Keji, ndiye Mama Moris, mke mdogo wa marehemu, akapiga makofi mara moja, pa!

"Mama Shakira! Kumbe miaka yote hii wewe nakula jina langu!"

Kibanda kililipuka. Kaltumu aliwasikia watu wakicheka kwa mbali, kama aliyezama mtoni. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kutaka asikike: "Basi ile hadithi ya mama yake kubeba miti ilikuwa hadithi tu."

Hilo ndilo lililomchoma. Kuchekwa yeye angestahimili. Ila mama yake kuitwa mwongo, na yumo kaburini!

Alisimama, akajitanda leso begani, akatoka kibandani taratibu, hatua za kuhesabika. Angesema nini? Ukweli alikuwa nao, lakini ukweli wenyewe ulikuwa wa wizi.

*

Mwaka wa themanini, Kaltumu alikuwa na miaka kumi na tatu, yuko darasa la tano. Bunduki zilipoanza kulia upande wa mjini, mama yake, Night Poni, hakukimbilia sufuria wala nguo. Alikimbilia shambani na panga. Alirudi na mzigo wa miti ya muhogo, akaigawa mara mbili. Mtoto alikuwa na mfuko wa shule kichwani, madaftari sita na kitabu cha hesabu alichoazimwa na mwalimu.

"Weka hiyo chini," mama alisema. "Daftari haioti."

Mtoto akauweka chini, mlangoni, akaubeba mzigo wa miti. Walitembea siku mbili kuingia Congo. Ng'ambo kule watu walikosa kuni, wakachoma vigingi vya nyumba zao wenyewe, lakini Poni alilala juu ya miti yake, ameitandikia mkeka, mpaka mvua ikanyesha akaipanda. Kaltumu hakurudi darasani tena. Aliolewa kule kule ukimbizini na Yakani, aliyekuwa na mkewe wa ujana na akampoteza njiani. Waliporudi nyumbani na kukuta nyasi zimeota ndani ya jiko, miti ya Poni ilirudi nao. Wengi waliokula mwaka ule walikula kutoka shamba lile. Kwa hiyo mtu akisema Kaltumu ana majivuno, ni kweli, lakini aseme pia yalimgharimu nini.

Sasa, watu wa bonde hili wana desturi yao. Miti ya muhogo haiuzwi. Huombwa, na mwenye nayo hawezi kukunyima, hata kama mmetukanana asubuhi ile. Lakini ukishapewa, muhogo ule shambani kwako utaitwa kwa jina la aliyekupa, mpaka ufe nao. Ukija nao mwenyewe kutoka mbali, utaitwa kwa jina lako, kama Keji wa Agnes. Ndiyo maana majina ni mengi kuliko mimea.

Miaka mitatu nyuma jua lilikaa kupita kiasi, na mchwa nao wakaja. Kaltumu aliamka akakuta theluthi mbili ya shamba ni vijiti vikavu. Mapengo yalionekana mpaka barabarani. Upande wa pili wa kijinjia, shamba la Agnes lilisimama kijani, na muhogo wa Agnes ulifanana na wa Poni kama pacha: vikonyo vyekundu, shina la kijivu, jani lenye vidole saba. Tofauti ilikuwa chini ya ardhi. Ukimenya wa Poni, ganda la ndani ni la zambarau kidogo. Wa Agnes ni jeupe.

Angeomba. Agnes asingekataa. Lakini kuanzia siku hiyo theluthi mbili ya shamba la mama yake ingeitwa Keji, kwa jina la mke mdogo! Kaltumu alisubiri siku Agnes amekwenda msibani, akaingia saa sita mchana na panga, akakata miti ya kutosha, akaziba mapengo. Msimu uliofuata alikata vipando vipya kutoka shamba zima, akavifunga mafungu, akachanganya vyote pamoja bila kufikiri. Tangu siku hiyo hata yeye mwenyewe hakujua shina lipi ni la nani. Na kila alipomenya mzizi jikoni akakuta ganda jeupe, aliharakisha kuutia majini.

Siku Patience alipokuja kuchuma, alimweleza vizuri. "Ndani ya jani kuna maandishi marefu sana, mama. Hatusomi yote. Tunasoma mahali pachache, pale ambapo mihogo hutofautiana."

"Kama chale za wazee usoni," Kaltumu alisema. "Ulikuwa unamwona mtu sokoni, hajafungua mdomo, umeshajua ni wa watu gani."

"Ndiyo hivyo hivyo. Ila hizi huzioni kwa macho."

Kisha Patience akainama kwenye shina la ukingoni, karibu na kijinjia, kwa sababu majani yake yalikuwa machanga. Maneno yalimpanda Kaltumu mpaka kooni: mwanangu, usichume hilo, nenda katikati. Akayameza. Jani likachumwa.

*

Baada ya mkutano hakulala vizuri, na asubuhi ya Jumatano akapanda gari kwenda Arua. Hakumwambia mtu. Alikuwa ametengeneza hesabu yake barabarani: atamweleza yule binti peke yake, pembeni, binti atachuma jani lingine, na kijiji hakitajua lolote. Siku zilizobaki zilikuwa tano.

Kituoni alimkuta Patience kwenye bustani ya mihogo, mistari imenyooka, kila mstari na kibao chake. Kwenye daftari la Patience aliona mwenyewe, kwa kisomo chake cha darasa la tano na namba asizohitaji kufundishwa: ishirini na saba, na mstari umepigwa juu yake.

Alieleza yote. Alipofika kwenye panga na saa sita mchana, sauti ilishuka ikawa ya mtu anayeongea na tumbo lake.

Patience alisikiliza, hakukunja uso. "Mashina mangapi yako shambani, mama?"

"Mia mbili na kitu."

"Nina sahani nyingine inakwenda maabara Jumapili. Vishimo vilivyobaki ni tisa. Tisa tu. Nikichuma kwa kubahatisha, nitapata Keji tisa."

"Tutafukua. Mimi najua ganda."

"Mkifukua mia mbili mtamaliza lini? Na mashina yale madogo hayajaweka hata mzizi." Patience alifunga daftari. "Iko mtu anayeujua muhogo wa Keji kwa shina tu, bila kufukua?"

Kaltumu alitazama kando. Alimjua mtu huyo. Kijiji kizima kilimjua.

"Hapana," alisema.

"Mama."

"Nimesema hapana!"

Patience akaanza kung'oa magugu miguuni pake kana kwamba ana siku nzima. Jua lilikuwa kali. Mwishowe Kaltumu akasema, kama anayetema mfupa: "Mama Moris. Yeye amekata miti ile miaka ishirini."

"Basi bila yeye sitakuja. Na bila mwenyekiti kukubali, Jumatatu wataingia na majembe hata kama nimechuma. Unawaambia wewe au niwaambie mimi?"

"Ya kwangu nasema mwenyewe," alijibu Kaltumu, na majivuno yake, hata pale, hayakuwa yamekufa.

*

Alhamisi alfajiri alipita kijinjia. Agnes alikuwa uani anamenya mihogo, beseni katikati ya miguu.

"Eh! Mama Shakira. Leo jua itatoka wapi?"

"Nimekuja na neno."

"Kaa. Kiti iko."

"Neno lenyewe ni la kusema umesimama." Akalisema. Alilisema haraka, kama mtu anayebandua kitambaa kilichogandamana na kidonda: mwaka wa mchwa, mapengo, panga, miti.

Kisu cha Agnes kilisimama katikati ya ganda. "Siku gani?"

"Mchana mmoja hivi."

"Siku gani, Mama Shakira? Mimi sikuwa natoka hapa. Mwaka ule nilitoka mara moja tu."

Kaltumu akainamisha macho kwenye beseni.

"Nilikuwa nazika kaka yangu," Agnes alisema polepole. "Nilikuwa natupa udongo juu ya kaka yangu, na wewe iko ndani ya shamba yangu na panga."

Kuku walikuwa wakiparua nyuma ya jiko. Kaltumu alitamani atukanwe. Matusi ana majibu yake.

"Na mimi nilifikiri ni nani?" Agnes aliendelea. "Nilifikiri mzee Pitia. Kwa sababu alipita na baiskeli na mzigo wa miti siku ya pili yake. Nilimwita mwizi pale kisimani, watu wanasikia. Mwaka mzima hatukusalimiana. Hata leo ananiamkia kwa shingo upande. Na wewe ulikuwa pale kisimani, Mama Shakira! Ulikuwa na mtungi yako! Ulisikia!"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Agnes alitupa kisu ndani ya beseni, maji yakaruka. "Sasa unataka nini kwangu? Nikupe pole?"

Kaltumu akaeleza juu ya vishimo tisa, na Jumapili, na Jumatatu. Kwamba katikati ya yale mashina mia mbili huenda yamebaki machache ya mama yake, huenda hata moja halipo. Kwamba mkono wa Agnes peke yake ndio unaweza kutenga.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, watang'oa yote."

"Na nikikubali, nikakudanganya? Nikakuonyesha yangu tisa, ukapeleka Arua, ukachekwa mara ya pili?"

"Unaweza," alisema Kaltumu. "Hiyo iko mkononi mwako."

Agnes aliinua macho akamtazama. Hawa wawili walishiriki mume mmoja, wakafua shuka moja la maiti yake, na hawakuwahi kutazamana hivyo.

"Nitakuja," Agnes alisema mwishowe. "Lakini kwanza utasema mbele ya watu. Kila kitu. Siku ya msiba, panga, kisima. Na mzee Pitia akiwa amekaa pale, macho yake juu yako. Usiponisafisha na yeye, mimi sishiki hata jani."

*

Mwenyekiti Lokule aliita watu Jumamosi asubuhi kwa ombi la Kaltumu, na Patience akaja kutoka Arua. Alikuwa mtu wa haraka, saa yake mkononi kila mara, na hakupenda mkutano usio na ajenda. "Ajenda ni nini?" aliuliza.

"Ajenda ni mimi," Kaltumu akasema.

Safari hii hakukaa. Alisimama mahali Patience aliposimama, akawatazama wale wale waliomcheka. Alipanga kuanza na mama yake, na Congo, na mkeka juu ya miti, ili wizi uje nyuma umefunikwa. Lakini alimwona Pitia kwenye benchi, fimbo kati ya magoti, na mipango yote ikamtoka.

"Mzee Pitia," alisema. "Mwaka wa mchwa uliitwa mwizi wa miti ya Mama Moris. Mwizi ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Alieleza mpaka mwisho, na sauti yake haikupasuka. Alipomaliza, Pitia aliinuka kwa fimbo yake. Mzee akamtazama juu mpaka chini.

"Mimi nilijua siyo mimi," alisema. "Mwaka mzima nilikuwa najua hiyo peke yangu." Kisha akamgeukia Agnes. "Mama Moris, habari ya asubuhi."

"Nzuri, baba," alisema Agnes, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nisamehe, baba."

"Na wewe," Pitia akamrudia Kaltumu, "wewe na mimi bado. Utaniletea unga, na utaleta mchana, watu wanaona."

"Nitaleta."

Lokule alitazama saa. "Haya. Mashina tisa, hayazidi. Mama Patience atachuma leo. Jumatatu mengine yote yanang'oka, tisa yanasimama kusubiri majibu. Majibu yakisema ni Keji, yanang'oka siku hiyo hiyo. Ugonjwa hausubiri adabu za wanawake."

Wakaenda shambani, watu wengi nyuma yao kama msafara wa harusi. Agnes alijifunga kiunoni fungu la nyasi za kutia alama mashina yake. Alianza ukingoni, karibu na kijinjia. Hakutazama majani. Alishika shina chini kabisa, akapitisha kidole gumba juu ya vifundo, kimoja, cha pili, cha tatu, kichwa amekigeuza kando kama anayesikiliza mlango.

"Wangu." Akafunga unyasi.

Shina la pili. "Wangu." Akafunga.

"Unajuaje?" aliuliza Patience, daftari mkononi.

"Macho yake. Wangu macho yanatokeza nje, hata ukizeeka. Kama ya marehemu mume wetu."

Wanawake wakaangua kicheko, na Kaltumu, bila kutaka, akahisi kicheko kikimpanda yeye pia, akakibana kwa meno. Ni kweli, Yakani alikuwa na macho ya kutokeza.

Mstari wa kwanza ukaisha: wangu, wangu, wangu. Wa pili ukaisha. Wa tatu. Nyasi za kiunoni zikaisha, Agnes akakata nyingine. Kaltumu alifuata hatua mbili nyuma, akihesabu kila fundo lililofungwa. Jua lilipanda. Alijaribu kuusoma uso wa Agnes kama unajua au unalipiza, hakuona kitu. Mstari wa saba ulikwisha wote umefungwa nyasi. Kaltumu akawaza: ananimaliza. Na haki yake.

Katikati ya mstari wa nane Agnes alisimama. Alipitisha kidole chini, juu, chini tena. Akapiga magoti, akatumia mkono wa pili.

"Huyu simjui," alisema.

Akaliruka bila kulifunga.

Kaltumu akasogea hatua moja karibu. Mpaka shamba linaisha, saa nane ilikuwa imepita, na mashina yasiyo na nyasi yalikuwa kumi na moja. Agnes alirudi, akayapima tena yote, akafunga mawili. "Haya mawili nina mashaka. Tisa yaliyobaki, kama siyo ya mama yako, basi mimi sijui muhogo."

Patience alitoboa majani tisa, kishimo kwa kishimo, akaandika namba kwenye kibao cha kila shina.

*

Jumatatu waliingia watu wa majembe. Kaltumu alisimama mbele ya mashina tisa, kutoka asubuhi mpaka jioni, na jembe lilipopita karibu alipiga ukelele. Shamba lilibaki jekundu na tupu, limepasuliwa kila mahali, na yale tisa yametawanyika kama watu waliosahauliwa baada ya msiba.

Kisha wiki tano. Kila asubuhi alikagua mashina akitafuta michirizi. Mizizi hakuigusa, kwa sababu Patience alikataza shina lolote lijeruhiwe kabla ya majibu. Kila jioni Agnes alivuka kijinjia, akasimama ng'ambo ya shamba, akauliza, "Wamepiga simu?" naye akajibu, "Bado," na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao yote. Siku moja tu Agnes aliongeza: "Kama nilikosea, siyo kwa makusudi." Kaltumu alijibu: "Najua." Alishangaa kwamba anajua kweli.

Patience hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, Alhamisi, na karatasi. Lokule alifika na watu wawili wa majembe, kwa sababu alikuwa ameahidi siku hiyo hiyo. Agnes akavuka kijinjia. Pitia akasimamisha baiskeli.

"Nisome moja moja?" aliuliza Patience.

"Soma," alisema Kaltumu.

"La kwanza. Keji."

Mtu wa jembe akasogea. Lokule akamzuia kwa mkono.

"La pili, Keji. La tatu, Keji."

Agnes alifunika mdomo. "Lakini macho yalikuwa ndani," alinong'ona. "Nilishika mwenyewe."

"La nne, Keji. La tano…" Patience aligeuza karatasi juani. "La tano, Keji."

Kaltumu alinyoosha mkono bila kutazama. Akajishika kwenye kitu kilichokuwa karibu, na kitu chenyewe kilikuwa bega la Agnes, wala Agnes hakulitoa.

"La sita," alisoma Patience. Kidole chake kilitembea kwenye mstari, kikarudi mwanzo, kikatembea tena. "La sita hatuna."

"Hamna nini?"

"Hatuna muhogo huu, mama. Haumo kituoni. Haumo Adumi, haumo Inde, haumo katika zile kumi na saba. La saba ni Keji. La nane hatuna. La tisa hatuna. Na haya matatu, sita, nane na tisa, alama zake ni moja. Ni mmea mmoja."

Kaltumu hakupiga vigelegele. Alikwenda mpaka shina la sita, akachuchumaa, akafukua pembeni kwa vidole, akapata mzizi mdogo kama kidole cha mtu, akaukwangua kwa ukucha. Ganda la ndani lilikuwa la zambarau. Akalitazama, halafu akaufukia tena, akaushindilia udongo.

"Binti," alisema bila kugeuka, "hiyo karatasi inasema mama yangu aliubeba?"

Patience akakunja karatasi. "Hapana, mama. Alama zinasema tu kwamba huu siyo ule mwingine. Nani aliubeba, hazijui."

"Vizuri. Hiyo sehemu nitasema mimi, na mtu asiongeze."

"Nitahitaji vipande viwili kwa kila shina, kwenda kusafishwa. Visizidi. Haya matatu yakifa kabla hatujaotesha maabara, basi."

Kaltumu akachagua mwenyewe mahali pa kukata, akashika panga kwa mikono miwili. Vipande sita vilifungwa ndani ya gunia lenye maji, gari likaondoka nalo kuelekea Arua. Kisha Lokule akakohoa, akaonyesha saa, akaonyesha mashina sita ya Keji.

"Weka majembe chini," Kaltumu aliwaambia wale wawili. "Haya nang'oa mwenyewe."

Alianza na la kwanza. Lilikuwa limeshika sana, akavuta mpaka mshipa wa shingo ukasimama.

"Polepole," alisema Agnes. "Wangu huyo, utamvunja kiuno."

"Wako ni mkaidi kama mwenyewe. Shika upande huo."

Wakavuta pamoja, likatoka na udongo wake. Walipomaliza la sita, mikono yote minne ilikuwa myekundu. Katikati ya lile shamba pana mashina matatu yalisimama, membamba, upepo ukiyayumbisha. Ng'ambo ya kijinjia mbuzi wa Lokule walikuwa wameinua vichwa, wanatazama jani la kijani pekee lililobaki upande ule wa bonde.

"Unaona hao?" Agnes aliuliza.

"Nimewaona." Kaltumu alishaokota panga, anaelekea kichakani kukata miiba ya uzio. "Leta kamba."